Usibadilishe Miguu: Miaka Thelathini na Saba ya Mzee Tumainieli Mbwambo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Tumainieli Mbwambo, dereva wa Kituo cha Afya Kwamrutu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Kwa muda wote huo amekuwa na mwajiri mmoja, mke mmoja na gari moja. Mwajiri amebadilisha wakuu na rangi za ukuta. Mke amembadilisha yeye kwa kadiri alivyoruhusiwa. Gari halikubadilishwa kitu, na hapo ndipo ilipozaliwa kesi ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande sokoni. Makala hii inahusu utumishi wake wote, lakini mtaniwia radhi nikiipa kesi hiyo nafasi kubwa, maana asiyeijua hawezi kusema anamjua Mzee Tumainieli.

Ninayeandika ni Muuguzi Hedwiga wa chumba cha chanjo. Nimepewa kazi hii kwa kuwa nimekaa kiti cha abiria cha gari lake kuliko mtumishi mwingine yeyote, boksi la chanjo mapajani, na magoti yangu ni ushahidi tosha.

Mzee alizaliwa hapahapa milimani. Alipomaliza shule ya msingi alishuka Same mjini kwa mjomba wake aliyekuwa na gereji, akajifunza ufundi kwa kushikishwa spana na kupigwa nayo. Kituoni hakuajiriwa udereva. Aliajiriwa utingo, na kazi yake ilikuwa kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kila gari liliposimama mlimani, kusaidia kubeba wagonjwa, na kukaa kimya. Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu, lakini ilibidi, kwa sababu dereva wakati huo alikuwa Mzee Nassoro Chande wa Lembeni, mtu mwema, mswalihina, aliyekuwa na maneno machache kuliko meno. Wanaomkumbuka wanasema aliweza kutoka Kwamrutu hadi Same bila kutamka kitu, na akifika akasema, "Haya." Baada ya miaka michache macho yalianza kumsumbua, akarudi kwao kuuza vitunguu karibu na reli, na usukani ukabaki kwa Tumainieli.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, ile yenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati na spea tairi juu ya boneti. Lilifika Kwamrutu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Watu wanaliita Mama Mkwe, kwa sababu mlango wake ni mfupi na huwezi kuingia bila kuinamisha kichwa. Tena halitaki haraka, na ukilikosea asubuhi linanuna kutwa nzima.

Kwa Mama Mkwe huyo Mzee amefanya mambo ambayo kitengo chetu cha takwimu hakina safu ya kuyaandika. Amewashusha wajawazito usiku wa mvua, na wengine walijifungua kabla ya kufika, ndiyo maana pale Ikweni kuna kijana anaitwa Safari na dada yake anaitwa Njiani. Mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji alivusha dawa kwa kamba huku gari limesimama upande huu linaunguruma, kwani aliamini likizimwa litakata tamaa. Na kila baada ya masika, baragumu ya msaragambo ikilia watu watoke kutengeneza barabara, Mzee hakuwahi kusema yeye ni mtumishi wa kituo. Aling'oa viti vya nyuma, akasomba mawe na kina mama na majembe yao, kisha akarudisha viti na kesho yake akabeba wagonjwa. Mtu asiyejua msaragambo aelewe tu kwamba ni kazi ya wote, na ukikosa bila sababu, makande ya siku hiyo utayasikia harufu tu.

Nisimsifu mno akavimba kichwa siku ya sherehe. Mzee ana ubahili ambao hata sisi Wapare tunaushangaa. Hajawahi kutupa nati. Nati zote zilizotoka katika gari lile tangu akabidhiwe zimo ndani ya makopo ya kakao kwenye rafu, na ukimwambia hii imeisha meno anakujibu kwamba hata bibi yake aliisha meno na hakutupwa. Ukimpa kalamu akuandikie safari, angalia vizuri, utarudi kuitafuta. Lakini ubahili huohuo ndio uliotufanya tuwe na gari mpaka leo, wakati vituo vingine vina maganda ya magari yanayolaliwa na kuku.

Sasa kesi.

Mwaka jana wana-Kwamrutu waishio Dar es Salaam walisikia kwamba Mzee anakaribia kustaafu. Wakakaa kikao, wakachangishana, na kwa nia njema kabisa wakaamua wamfurahishe kwa kumnunulia Mama Mkwe magurudumu mapya. Yalifika kwa lori la mizigo, rimu imara na pana kidogo, matairi ya kisasa yasiyotaka tyubu, yamefungwa nailoni yanang'aa. Tuliimba. Mzee aliyazunguka, akayagusa kwa ncha ya kiatu, akasema asanteni sana, akaenda kunywa chai. Siku ile hakurudi tena uani.

Tulidhani ni ugumu wa kuzoea. Kumbe haikuwa hivyo. Alipoulizwa lini yatafungwa alisema hayatafungwa, na alipoulizwa kwa nini alisema gari lile limetunzwa kama lilivyotoka kiwandani na litabaki hivyo hadi yeye aondoke. Yeye akiondoka wenye kituo wafanye watakavyo, lakini si kwa mkono wake.

Pengine tungemwachia ubishi wake, kama si Fundi Sefu. Sefu ndiye anayetusaidia matengenezo makubwa, naye ana gereji Same mjini. Alipopanda kufanya ukaguzi alipaka rimu za zamani mafuta ya taa, akazifuta zikakauka, kisha akasugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyokuwa yamejificha yakarudi juu taratibu na kuchora mistari kwenye chaki. Rimu zote nne zilizokuwa zikitembea zilikuwa na nyufa kwenye matundu ya nati, na mbili za mbele nyufa zilikuwa ndefu kama kidole.

Sefu hakuzunguka mbuyu. "Mzee wangu, chuma nacho kinazeeka," alisema. "Hizi nimeshazichomelea. Safari hii sichomelei, sitaki kusikia habari zenu redioni."

Hapo jambo likawa zito. Gari jipya la wagonjwa tulilopewa ni zuri, lina kiyoyozi, lakini ni refu na halikati kona za kwenda Ikweni na vitongoji vyake. Huko juu anafika Mama Mkwe peke yake. Bila yeye mama mwenye kichanga atembee nusu siku kufuata sindano, na nusu siku kurudi na mtoto mwenye homa ya sindano. Ninawajua kina mama hao kwa majina. Wengine walishaanza kuniuliza kama mwezi ujao tutapanda, nikawa ninajibu kwa kusafisha koo.

Kikao cha watumishi kikaitishwa. Mnajua tunavyosemwa sisi, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Sitakanusha, kwa sababu kikao kile kilianza asubuhi kikavuka chakula cha mchana, kikaahirishwa, kikarudi wiki iliyofuata kikiwa na watu wengi zaidi, wakiwemo wasiofanya kazi kwetu.

Afisa utawala wetu, Bwana Paschal, alikuja na wazo lililopendeza wengi. Kwa kuwa Mzee hataki magurudumu yabadilishwe na Fundi anasema ya zamani hayafai, gari listaafu pamoja na dereva wake. Lijengewe jukwaa la saruji pale langoni, lipakwe rangi, liwekewe bati juu, wageni wapige picha. Mzee Tumainieli akaunga mkono kabla Paschal hajamaliza sentensi. Mtu aliyezima gari hilo kwa shingo upande maisha yake yote sasa alikuwa radhi lizimwe moja kwa moja, ili mradi lisiguswe miguu. Nilimwangalia nikaona anaumia, na nikaona pia kwamba hatalegea.

Aliyekataa ni Elinaza. Huyu ndiye dereva anayeshika nafasi yake, binti wa Msangeni aliyeendesha magari ya mazao miaka kadhaa kabla ya kuja kwetu, na si mtu wa kelele. Alinyoosha mkono, akamwamkia Mzee kwanza, halafu akasema, "Mimi nimeajiriwa kuendesha gari, sikuajiriwa kulipangusa vumbi. Kama Mama Mkwe anasimama langoni, mniambie watoto wa Ikweni nitawafuata na nini."

Zikaanza kurushwa methali. Upande wa jukwaa wakasema ya kale ni dhahabu. Upande wa magurudumu wakasema kipya kinyemi. Mzee, bila hata kuinua kichwa, akamalizia, "Ingawa kidonda," na ukumbi ukacheka ukasahau tulipofikia.

Kilichotukwamua ni Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa kamati ya kituo, ambaye alikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo kwa muda mrefu na hajaacha tabia. Alimwuliza Mzee moja kwa moja sababu ya msimamo wake. Sababu ya kweli, alisema, si hiyo ya kiwandani.

Hapo Mzee akaisema. Kumbe aliachiwa neno. Siku Mzee Nassoro alipokabidhi gari, waliendesha pamoja hadi juu ya mteremko wa Kwa Mfua, ule ambao hata abiria wasiosali husali. Nassoro alisimamisha gari, akamwachia usukani, akamtazama, akasema, "Tumaini, usibadilishe miguu." Basi. Hakuongeza. Walipofika chini aliteremka na begi lake akaenda kusubiri basi. Na huko gereji kwa mjomba, alikolelewa Tumainieli, hakuna aliyesema magurudumu. Wote walisema miguu. Gari limechubuka mguu, gari limebadilishwa miguu. Ndivyo alivyolipokea neno lile, na ndivyo alivyoliweka.

"Mzee yule aliniamini nikiwa kijana asiyejua kitu," alisema. "Neno lenyewe alilonipa ni moja. Nikilivunja siku ya kuondoka, nitakuwa nimefanya kazi gani hapa?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Hata Elinaza aliinama.

Mzee Eliezeri akauliza kama huyo Nassoro yu hai. Yu hai, akajibiwa, yuko Lembeni. Wamekuwa wakikutana misibani na harusini miaka yote. Je, aliwahi kumwuliza maana ya maneno yake? Mzee Tumainieli alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kumvua baba yake kofia. Kwetu mkubwa akishakuagiza, unaagizika. Kumrudia na kumwuliza ulikuwa na maana gani ni kumwambia hajui kusema. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, halafu tunakua tunaacha.

"Shahidi yuko hai, ninyi mnabishania ushahidi wa kusikia," alisema Mzee Eliezeri, na kikao kikafungwa.

Tulishuka Lembeni na gari jipya lililokuwa linafuata dawa Moshi. Elinaza alikuwa kwenye usukani, Mzee Eliezeri mbele kwa heshima ya umri, mimi na Mzee Tumainieli nyuma. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Njia nzima tangu Same hakusema neno, nami nikapata picha ya safari zake za utingo zilivyokuwa.

Mzee Nassoro tulimkuta barazani, vitunguu vimetandazwa kwenye gunia mbele yake, macho yamekuwa ya kijivu lakini masikio mazima. Nilifurahi kumwona Mzee Tumainieli, ambaye kata nzima inamwamkia, akiinama na kusema shikamoo, na kuitikiwa marahaba kama kijana. Mkewe, Mama Tausi, alituletea chai ya tangawizi na maandazi. Tukaulizana hali za nyumbani, mvua, mazao, waliofariki. Ndipo Mzee Eliezeri akajikohoza na kueleza shauri lote, toka zawadi ya Dar es Salaam hadi neno la Kwa Mfua.

Mzee Nassoro alisikiliza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, mpaka Mama Tausi akatoka ndani kuangalia, kwa sababu nadhani hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu harusi yao.

"Miguu ya gari?" alisema alipopata pumzi. "Tumaini, mimi nilisema miguu yako wewe. Ulikuwa unakanyagakanyaga kama mtu aliyeingia kwenye siafu. Mara klachi, mara breki, mara klachi. Pale Kwa Mfua mtu anaweka gia ya nguvu, anatuliza miguu, anashuka. Ukibadilishabadilisha miguu pale, unakwenda na watu korongoni."

"Sasa mzee, mbona hukusema hivyo?" aliuliza Tumainieli.

"Si nilisema?"

Na hakuishia hapo, siku hiyo alikuwa ameamua kutumia maneno yote aliyojiwekea. Magurudumu yale ya asili, alisema, wala si ya asili. Ya kiwandani yaliharibika mwaka wa mvua kubwa, hata Tumainieli hajaajiriwa. Hayo tunayoyaita ya asili aliyafungua mwenyewe, kwa ruhusa, kwenye gari bovu la mkandarasi lililokuwa limeachwa Makanya. Kama ni kubadilisha, yeye ndiye aliyetangulia.

Mzee Tumainieli alisimama. Hakukasirika. Aliweka kikombe chini vizuri, akatoka, akaenda kusimama kando ya reli akiangalia ilikotokea na inakokwenda. Nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote. Miaka yote ya usukani mtu ameosha rimu kwa brashi ya meno, amekataa zawadi, amegombana na watu anaowapenda, kwa ajili ya miguu ya gari la mkandarasi wa Makanya. Elinaza alitaka kumfuata. Mzee Eliezeri akamzuia kwa fimbo.

Aliyemwita ni Nassoro mwenyewe. "Tumaini, njoo. Breki zimewahi kukukatalia pale Kwa Mfua?"

"Hata siku moja."

"Umewahi kugonga?"

"Hapana, mzee."

"Nani alikufundisha kutuliza miguu?"

Mzee Tumainieli alifikiri. Hakuna aliyemfundisha, alisema. Mara ya kwanza aliposhuka peke yake na mgonjwa aliogopa sana, akajikuta miguu imekufa kwa hofu, haikwenda popote, na gari likashuka lenyewe taratibu na gia yake. Tangu siku hiyo akaendelea vilevile.

"Basi neno langu umelishika," alisema Nassoro. "La gari ulijiongezea."

Akarudi kukaa. Mama Tausi akamjazia chai nyingine. Alipoinua kikombe nikaona naye ameanza kutikisika mabega, na wale wazee wawili wakacheka pamoja hadi wateja wa vitunguu wakasimama kutazama. Njiani Mzee Eliezeri alitoa hukumu akiwa amefumba macho. Kesi imefutwa kwa kuwa kosa halikuwepo, na kuku arudishwe kwa mwenyewe.

Jumatatu Mzee alikuja na ovaroli badala ya sare. Fundi Sefu alikuwa amepanda na vifaa vyake, akaambiwa akae pembeni ashike taa. Mzee aliinua gari kwa jeki, akafungua nati moja baada ya nyingine, na kila nati akaiweka kwenye kopo la kakao. Kila rimu iliyotoka aliiosha kwa mara ya mwisho, akaigonga kwa spana na kusikiliza. Zile nne zilitoa mlio wa sufuria lililopasuka. Alipofika kwenye spea ya juu ya boneti, ambayo kwa ubahili wake hakuwahi kuiruhusu ikanyage chini, ikalia kwa sauti safi iliyokwenda mpaka wodini, na muuguzi wa zamu akatoka akidhani ni kengele ya shule.

Hiyo hatukuifunga tena. Imetundikwa kwenye nguzo ya langoni, pale pale palipokuwa pajengwe jukwaa, nayo ndiyo kengele yetu ya kliniki na ya msaragambo. Katika zile nne, moja Mama Anold, mke wa Mzee, ameichukua iwe jiko, na ninaambiwa makande yanaiva juu yake upesi kuliko kwenye mafiga. Zilizobaki ziko kwenye rafu pamoja na makopo. Msiniulize za nini.

Wiki hiyohiyo tulipanda Ikweni. Kina mama walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa kanisa, na mmoja akapaza sauti kwamba leo Mama Mkwe kavaa viatu vipya, tujihadhari, atadai mahari upya. Nilichanja mpaka boksi likawa jepesi. Kila mtoto aliyelia siku ile nilimsikiliza kwa raha, Mungu anisamehe, kwa sababu tulikuwa karibu tusimsikie.

Kurudi aliendesha Elinaza. Mzee alikaa kiti cha mbele cha abiria, kiti changu, mimi nikasukumiwa nyuma na boksi. Tulipofika juu ya Kwa Mfua alimwomba asimamishe gari. Nilijua anachotaka kufanya, nikashika chuma cha dirisha, si kwa hofu ya mteremko.

"Elinaza, mwanangu," alisema, "hapa usibadilishe miguu."

Akaanza kufungua mdomo tena, akafunga, akaona bora amalize kazi iliyoachwa nusu tangu enzi za Nassoro. "Ya kwako. Ya gari badilisha ikichakaa."

Elinaza akaitikia ndiyo baba, akaweka gia, tukashuka. Mzee hakutazama barabara hata mara moja. Alitazama miguu ya Elinaza mwanzo hadi mwisho, nayo ilitulia. Tulipofika chini alisema, "Haya," akageukia dirisha, akajifuta uso kwa leso akisingizia vumbi. Masika ilikuwa haijaisha na vumbi halikuwepo.

Sherehe ya kumuaga itaanza rimu ikigongwa, na atakayeigonga ni Mzee Nassoro, ambaye tumemwomba pia aseme maneno mawili na amekubali moja. Sala itaongozwa na mchungaji, na dua na shehe kutoka Bendera, shemeji yake Nassoro. Baada ya makande na hotuba, Mama Mkwe atampeleka Mzee na Mama Anold nyumbani. Usukani utakuwa kwa Elinaza.

Mzee Tumainieli, kwa niaba ya watumishi wote, kwa niaba ya Safari na Njiani na wote walioshushwa mlima huu wakiwa wagonjwa na kupandishwa wakiwa wazima, tunakushukuru. Umetufundisha kutunza, na mwisho umetufundisha kuachia, jambo ambalo kwetu Upareni ni gumu kuliko la kwanza. Mungu akupe afya, migomba inayozaa, na wajukuu wanaouliza maswali. Karibu wakati wowote langoni uigonge kengele yako, hata kama hakuna kliniki.

Kuanzia tarehe 1 Julai kaa barazani kwako ukunje nne, mzee wetu. Na mguu ukifa ganzi, badilisha.